Goti Langu na Goti la Kasian

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste, na mimi niko kitandani. Goti la kulia limevimba kama papai. Mke wangu Josepha na watoto wamekwenda kanisani, wameniachia chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha. Niandike yote sasa, kabla watu hawajaanza kuyapindisha.

Jana, uwanja wa Busunzu. Mimi mwamuzi wa kati, Kasian Majaliwa mshika kibendera. Kasian ni fundi cherehani hapa Kibondo, na tumekuwa tukigombea mechi zilezile tangu tupate vyeti vya uamuzi. Mechi inaelekea ukingoni, mpira ukapigwa mrefu. Nikakimbia kinyumenyume, macho kwenye mpira, kama tulivyofundishwa. Kasian akaacha mstari wake akaingia uwanjani, kibendera juu, anapiga kelele kwamba mshambuliaji ameotea. Tukakutana. Goti lake, goti langu. Tukaanguka tumefumana miguu. Mshambuliaji akafunga huku waamuzi wawili wako chini. Nikapuliza filimbi nikiwa nimelala. Nilikuwa napuliza kwa maumivu, wao wakaelewa ni bao. Mpaka leo Busunzu wanashangilia.

Tukarudishwa mjini katika gari moja, magoti yetu yamelazwa juu ya gunia moja la maharage. Nilichungulia la kwake. Limevimba pia, ila kidogo kuliko langu. Hata kuumia anaumia kwa ubahili.

Sasa hali yenyewe. Fainali ya kombe itachezwa Kasulu mwezi ujao, timu ya Kasulu na timu ya Munanila. Mwamuzi wa kati atoke Kibondo, ili asiwe na upande. Mwenyekiti wetu wa waamuzi, Bwana Niyonkuru, alishasema ni mimi au Kasian, na mtihani wa mbio wa mwanzoni mwa Julai huko Kasulu ndio utakaoamua. Kasian bado kijana, fainali zitamjia tu. Mimi mwakani umri unanitoa. Nimechezesha nusu fainali kwenye matope, nimefukuzwa na mashabiki wa Mabamba hadi ndani ya shamba la migomba, lakini fainali sijawahi hata moja.

Lazima nipone kabla ya Kasian. Ikibidi, Kasian asipone. Najua leo ni Pentekoste. Mungu anaona goti.

Jumatatu, 9 Juni

Hospitali. Kasian nimemkuta kwenye benchi, kaniwahi. Daktari akabonyeza, akapiga picha, akasema mifupa yetu yote ni mizima. Akatupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti anaitwa Esteri, mwenyeji wa Njombe, kapangiwa kazi huku. Akatuona wawili kwa pamoja ili asirudie maneno. Hapo ndipo alipokosea.

Akaeleza kwamba kano zetu, zile kamba zinazoshika mfupa kwa mfupa, zimevutika ila hazijakatika. Siku za kwanza tuinue mguu, tuweke kitambaa cha baridi, tufunge bandeji ya kuvutika, tutembelee magongo. Halafu, mapema kabisa, tuanze kukunja na kunyoosha polepole, kisha kutembea, kisha baiskeli, na mbio mwisho. Tusilikalishe goti bure.

Nikamuuliza mbona hatufungi plasta ngumu, ile watu wanayoita hogo. Akasema zamani walifunga karibu kila goti lililovimba, na watu walitoka humo na viungo vikavu na mapaja yaliyosinyaa. Kano ikipona bila kuvutwavutwa taratibu, nyuzi zake zinajipanga ovyo. “Goti lililovunjika lina habari yake,” akasema. “Haya ya kwenu yanataka mwendo, wazee wangu.”

Nikageuka. Kasian tayari anakunja goti palepale kwenye benchi, uso umejikunja, anatikisa kichwa kukubali kila neno. Amekubali haraka mno.

Mimi nauza vipuri vya baiskeli. Ringi ikipinda, hupandi baiskeli ukitegemea itanyooka njiani. Unaitoa, unaitundika, inatulia. Sasa goti, kitu cha nyama, ndilo litembezwe likiwa bovu? Nimewaza njia nzima kurudi. Kasian atajiharibu mwenyewe kwa utii wake. Mimi goti langu nitalilinda kama yai, na siku ya mtihani litatoka jipya.

Jumatano, 11 Juni

Hospitalini hawafungi plasta bila sababu. Basi nimekwenda kwa Abdalah.

Abdalah ni ofisa mifugo wetu, mtu wa Tanga, tunacheza drafti pamoja jioni. Nilijua ana plasta stoo, alimfungia ndama aliyevunjika mguu mwezi wa nne. Nilifika kwake kwa bodaboda, mguu umetokeza pembeni kama kioo cha lori.

Alikataa. Akasema yeye ni wa mifugo. Nikamwambia goti ni goti. Akasema hapo ndipo ninapokosea, maana kile watu wanachokiita goti la ng'ombe kiko mguu wa mbele, na ukikichunguza kinafanana zaidi na kifundo cha mkono wa mtu, hapa penye saa. Nikamwambia sikuja kusoma. Nikamwambia pia kwamba asiponifunga yeye nitajifunga mwenyewe kwa saruji. Aliniangalia akaona sitanii.

Amenifunga kuanzia pajani hadi juu ya kifundo. Plasta nzuri, nzito, nyeupe. Ina harufu kidogo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alipomaliza alinipigapiga kwenye nyonga na kusema “haya, nenda,” nadhani kwa mazoea.

Josepha aliniona naingia uani. Kisha akauliza kama na hereni ya namba ya sikioni nimeshawekewa au watakuja nyumbani.

Nimedhamiria.

Ijumaa, 13 Juni

Watu hawamheshimu mgonjwa wa bandeji. Plasta ndiyo yenye heshima. Nimekaa mbele ya duka, mguu juu ya kreti, na kila anayepita anasimama. “Ihangane, Mzee Marselino,” pole ya Kiha. Najibu kwa sauti ya chini kwamba nitajikaza. Nimeletewa ndizi, maparachichi, na asali ya Kibondo ndani ya chupa ya maji. Mama mkwe ametuma tangawizi kutoka Munanila.

Bwana Niyonkuru naye amekuja. Akagonga plasta kwa vidole kama anayekagua chungu. Akauliza kama kweli nitakuwa tayari. Nikamwambia hii anayoigonga ndiyo dhamana yenyewe.

Akiwa bado yupo, Kasian akapita upande wa pili wa barabara, anatembelea gongo moja. Moja. Juzi yalikuwa mawili. Akatupungia mkono. Nikapunga pia, na wazo likanijia mkono ukiwa bado hewani.

Esteri anamruhusu kulitembeza goti taratibu. Itakuwaje likitembezwa kwa kasi? Cherehani ya Kasian ni ya kukanyaga. Na mimi ni katibu wa kwaya. Kwaya inataka sare mpya na bado hatujachagua fundi.

Jioni nilibebwa hadi kwenye kikao. Wengi walimtaka fundi wa stendi mwenye mashine ya umeme. Nikasimama kwa shida nikasema hapana, tumpe ndugu yetu Kasian, kazi yote, suruali na magauni, na aharakishe. Wanajua habari za Busunzu. Mwalimu wa kwaya akanishika mkono, macho yamemlowa, akasema hajawahi kuona msamaha wa namna hii.

Nikainamisha kichwa. Goti la Kasian limekwisha.

Jumatano, 18 Juni

Josepha ametoka kupimwa sare. Nilimwomba anieleze kila kitu, nikijifanya nauliza habari za kitambaa.

Kasian anakanyaga cherehani kutwa. Safi. Anakanyaga kwa mguu mbovu. Safi zaidi. Halafu Josepha akasema Esteri alipita hapo kuchukua sketi yake, akamkuta, akafurahi sana. Alisema yale ya kukanyaga mbele na nyuma ni mazoezi mepesi aliyotaka kumpa, ila apumzike katikati na asilazimishe maumivu. Uvimbe umeshuka, gongo amelirudisha hospitali.

Nikauliza tena kama Josepha ana hakika ni goti lile lililoumia. Akasema, “Baba Divine, unamwombea mwenzako au unamfanyia nini?”

Sikukata tamaa. Cherehani ni mchezo wa kukaa. Nikatoa dukani baiskeli nzito kuliko zote, ile nyeusi ya kubebea ndizi, breki za fimbo. Nikapandisha kiti hadi mwisho wa bomba, maana Kasian ni mfupi. Kila akikanyaga itabidi ajivute kama mtu anayechuma papai kwa mguu. Nimempelekea na salamu: aitumie kusambaza sare, asichoke kwa kutembea.

Jumapili, 22 Juni

Leo nimekwenda kanisani. Nilikaa mwanzo wa benchi, mguu kwenye njia ya katikati. Wakati wa komunyo waumini wote waliuruka. Padri aliuzunguka.

Baada ya misa Kasian akaja nyumbani. Kwa baiskeli. Akashuka mwenyewe, akaiegemeza ukutani, akanishika mkono kwa mikono miwili.

“Kaka Marselino, sijui nikwambieje. Esteri ameiona baiskeli. Akauliza nani alinipandishia kiti.”

Nikamwambia kama kilikuwa juu sana ni bahati mbaya.

“Amesema ndivyo kinavyotakiwa. Kiti kikiwa chini goti linabanwa, kikiwa juu linafunguka vizuri. Akasema huyo aliyekifunga anajua kazi.”

Josepha alikuwa na la kusema, lakini aliingia jikoni kwenda kulicheka huko.

Kasian akaangalia plasta yangu kwa huruma. Akaniuliza kama kweli nimeambiwa na hospitali. Nikamjibu nimeambiwa na serikali, na si uongo, Abdalah ni mwajiriwa. Kisha nikamshauri. Nikamwambia tambarare haimfai tena, apande vilima, aende hata njia ya Nduta na kurudi. Nikasema mlima ndio utakaokumaliza. Nikasahihisha haraka: utakaokumalizia maumivu.

Akasema atamuuliza Esteri, na akikubali ataanza kidogokidogo. Mtu gani huyu, hata kujiharibu mpaka aombe ruhusa.

Alhamisi, 26 Juni

Siku mbaya. Niiandike kwa ufupi.

Plasta inawasha. Inawasha mahali ambapo mkono haufiki. Nilikuwa natumia spoku ya baiskeli kujikuna kwa ndani, ikawa inasaidia. Asubuhi nilikuwa nakula mkate kwa asali. Asali ikadondoka pajani, ikateremka yenyewe ndani ya plasta. Sikuona ubaya.

Sisimizi waliona.

Walipanda kwa ubavu wa kreti, mstari mzuri, wakaingia kwa juu na kuteremka. Mtu mwenye plasta hawezi kukimbia, hawezi kuinama, hawezi kuvua. Nilizunguka uwanja wa nyumba kwa mguu mmoja, nikipiga plasta kwa pampu ya baiskeli. Wateja wawili waliokuja kununua mpira wa ndani waliondoka bila kununua. Josepha akatoka na ndoo ya maji, akaimimina yote kwa juu. Sisimizi wakatoka kwa chini, na asali, na spoku niliyokuwa nimeipoteza tangu Jumatatu.

Plasta ikalainika. Josepha akasema basi, hata yenyewe imechoka, nikaitoe. Divine binti yangu akasema hivyohivyo. Hata bibi yake aliyepigiwa simu Munanila akasema hivyohivyo.

Mchana nilikuwa kwa Abdalah. Nikamwambia aongeze tabaka la pili juu ya la kwanza. Akanisihi. Alisema paja langu linaonekana jembamba kule juu linapotokeza, na yeye kwa ng'ombe angeshtuka. Nikamwambia mimi si ng'ombe. Akasema ndicho anachonieleza tangu mwanzo.

Sasa plasta ni nene mara mbili. Sirudi nyuma.

Jumatano, 2 Julai

Leo plasta imetolewa. Nilitaka wawepo mashahidi, basi nikamwita Josepha na Bwana Niyonkuru. Niyonkuru hakuja, ana kikao. Namshukuru Mungu kwa kikao kile.

Abdalah alikata kwa msumeno mdogo na kile kisu cha kuchonga kwato. Ikapasuka, akaifungua kama ganda. Tukaangalia wote watatu.

Ulikuwa mguu wa mtu mwingine. Mweupe mweupe, magamba magamba, paja limenywea hadi naweza kulizungushia viganja viwili. Uvimbe umekwisha, hilo ni kweli. Nikasema, mnaona? Kisha nikaambiwa nikunje.

Halikukunjika. Nilisukuma, nikatoa jasho. Goti lilisogea kama mlango uliovimba kwa mvua, kidogo tu, likagoma. Abdalah alikuwa anafuta msumeno na hakuniangalia. Akasema ndama wake alitoka anakimbia. Kisha akaongeza kwamba ndama alikuwa amevunjika mfupa kweli.

Josepha ndiye niliyetegemea acheke. Hakucheka. Alikaa chini karibu na mguu, akaweka kiganja juu ya goti, akasema taratibu, “Baba Divine, nilitaka uchezeshe ile mechi kuliko ulivyotaka wewe.”

Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Niliogopa sana.

Lakini baadaye, nyumbani, nimewaza vizuri. Mguu ulionyooka haupotezi nguvu kwa kujikunja. Mbio ni nini? Ni kwenda mbele. Mguu huu unaelekea mbele muda wote. Nitakwenda Kasulu.

Ijumaa, 4 Julai

Basi la Kasulu. Mguu haukuingia nyuma ya kiti cha mbele, nikaunyoosha kwenye njia. Abiria wa Kibondo waliuruka kwa adabu. Waliopanda njiani waliukanyaga. Mama mmoja alifunga mfuko wake wa kuku kwenye kiatu changu ili usihame.

Kasian alikuwa kiti cha nyuma yangu. Aliniomba tubadilishane, kwake kuna nafasi ya mguu. Nilimwambia niko vizuri. Alinipa mto wake. Niliukataa, halafu nikaukalia baada ya yeye kusinzia.

Nyumba ya wageni ya Kasulu ina choo cha kuchuchumaa. Sitaandika zaidi kuhusu jambo hilo.

Jumamosi, 5 Julai

Uwanja ulikuwa mkavu, hewa nzuri ya baridi ya asubuhi, waamuzi wa wilaya zote wamejipanga. Bwana Niyonkuru ana saa na filimbi. Nilivaa soksi ndefu ili paja lisionekane, lakini soksi inaishia chini ya goti.

Alipuliza. Wote wakaondoka. Mimi pia niliondoka. Mguu wa kushoto unakimbia, wa kulia unauzunguka kwa nje, kama bikari inayochora duara. Kwenye sehemu iliyonyooka sikuwa mbaya sana. Tatizo ni kwamba uwanja una kona. Kwenye kona ya kwanza mguu wa kulia ulitaka kuendelea moja kwa moja, ukanipeleka kwa wauza maji.

Nikarudi njiani. Walinipita. Wakanipita tena. Kasian alinipita anakimbia vizuri, magoti yote yanapanda na kushuka, na niliyasikia mapafu yake hayana hata haraka. Nilijua kuna kilima cha Nduta ndani ya mapafu yale.

Walimaliza, wakakaa kwenye nyasi, wakanywa maji. Niyonkuru akaja kando ya uwanja akaniambia inatosha, Mzee Marselino, tumeona. Nikamwambia nimelipa nauli kuja kukimbia. Nikaendelea. Goti linawaka. Uwanja mzima wananiangalia mimi na kivuli changu. Kisha nikasikia miguu nyuma yangu. Kasian ameinuka, amekuja kukimbia ubavuni kwangu, taratibu, kwa mwendo wangu.

“Twende, kaka,” akasema. “Pumua kwa pua.”

Nilimwambia atoke kwenye njia yangu. Hakutoka. Tukamaliza pamoja.

Halafu Niyonkuru akasimama akatangaza. Mwamuzi wa kati wa fainali ni Kasian Majaliwa. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana kila mtu alikuwa ananiangalia. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta hadi uwanja ukabaki mtupu. Sikuwa nalia. Ni vumbi la Kasulu, linajulikana.

Jumanne, 8 Julai

Esteri. Josepha alinipeleka mwenyewe, akakaa mlangoni nisitoroke.

Hakunigombeza. Alipima goti, akapima paja, akauliza nani alifunga. Nikasema mtaalamu. Akauliza mtaalamu wa nini. Josepha akajibu kwa niaba yangu.

Esteri alitoka nje kidogo. Aliporudi macho yake yalikuwa na maji lakini uso alikuwa ameuweka sawa. Akaniambia goti halijafa. Utando umeshikana ndani, msuli wa paja umesinyaa, na kuna kazi ya kuvifungua ambayo nisingekuwa nayo kama ningefanya ile ndogo ya mwanzo. Itauma. Nikiacha tena, naweza kubaki hivi. Akauliza kama niko tayari.

Nikamwambia mimi nikiamua jambo siliachi. Josepha akasema hilo hospitali nzima wanaliona.

Tumeanza. Nalala kifudifudi, kitambaa kwenye kifundo, navuta kisigino kuelekea makalioni. Nilitoa sauti. Esteri akasema ni sauti nzuri. Nyumbani Josepha ndiye msimamizi, na naona anaifurahia kazi.

Jumamosi, 19 Julai

Fainali. Kasian alimwomba Niyonkuru nikae meza ya mwamuzi wa akiba, yule anayeshika kibao cha kubadilisha wachezaji. Nilitaka kukataa. Halafu nikafikiria kwamba kibao kile kinaonekana uwanja mzima.

Kasulu yote ilikuwa pale, na nusu ya Munanila. Nilimwangalia Kasian kwa jicho la kutafuta kosa. Nilisubiri kipindi chote cha kwanza. Kipindi cha pili kulikuwa na kuotea kwa unywele, na aliona, kutoka mbali, akiwa anakimbia kinyumenyume. Nilitaka kusema amekosea. Hakukosea. Munanila walishinda kwa bao safi, mama mkwe alipiga simu kunielezea mechi niliyokuwa nimeikalia.

Mwishoni mtangazaji wa redio akamwekea Kasian kipaza sauti. Akamuuliza imekuwaje ameumia juzijuzi na amekimbia hivi. Kasian akaanza kunitaja. Akasema mtu aliyemponya, baada ya Mungu na dada Esteri, ni Marselino Habonimana, aliyempa kazi ya sare akanyage cherehani, akampa baiskeli yenye kiti kirefu, akamwelekeza vilima, huku mwenyewe yuko ndani ya plasta. Watu wakageuka. Wakasimama. Nilipigiwa makofi na uwanja mzima wa fainali, nikiwa nimeshika kibao chenye namba ya mtu aliyetoka.

Kasian akanikumbatia. Karibu nimwambie ukweli wote. Nikamwambia alichelewa kidogo kupuliza mapumziko.

Kwenye basi nimetafakari na nimeelewa kilichotokea. Goti lake lilikuwa limevimba kidogo tangu mwanzo, hilo moja. La pili, plasta yangu haikuwa kosa. Kosa ni kuitoa mapema.

Alhamisi, 14 Agosti

Goti linakunjika. Leo asubuhi nimechuchumaa kufunga mnyororo wa mteja na nikainuka bila kushika kitu. Josepha aliona, akageuka haraka kuangalia mahindi aliyoanika.

Na kuna heshima nyingine. Wiki iliyopita Esteri aliniuliza kama ningekuja kuongea na wagonjwa wapya wa magoti, siku ya kliniki, niwaeleze yaliyonipata ili wajifunze. Nilijua tu siku moja wataniita. Nimevaa koti.

Walikuwa benchi nzima. Kijana aliyeangushwa na bodaboda, mama aliyeteleza mtoni, mwalimu wa michezo kutoka Busunzu ambaye alinikumbuka kwa lile bao. Esteri akanitambulisha, akaitwa wodini, akaniacha nao.

Nikawaeleza kwa utaratibu. Nikawaonyesha goti, nikalikunja na kulinyoosha. Wakashangaa. Nikawaambia hii ni kazi ya plasta. Plasta ilifanya kazi ndani kwa ndani, kimyakimya, na haya mazoezi yalikuja tu kuliamsha goti ambalo tayari limepona. Nikawaambia Kasian alipona kwa bahati, bahati haifundishiki. Mwalimu wa Busunzu akauliza plasta nzuri inapatikana wapi. Nikamtajia. Mama aliyeteleza akaomba namba ya Abdalah, nikamsomea polepole ili aandike, na kijana wa bodaboda akaomba nirudie tarakimu za mwisho.

Nilipogeuka Esteri alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Ni binti mwenye malezi, hakunikatiza. Alinishukuru, akanisindikiza hadi nje, akanishika mkono, akasema wiki ijayo nisihangaike kuja, Mzee Marselino, nikae nyumbani nipumzike. Na wiki inayofuata pia. Na zile zitakazofuata.

Nimemweleza Josepha jioni hii. Hatimaye hata wataalamu wameanza kukubali umuhimu wa mapumziko.